Mfuniko Unaozuia Maji Yasichemke

Gari lililosheheni likipanda mlima Kitonga kuelekea Iringa, zaidi ya nusu ya nguvu iliyomo kwenye mafuta yake hupotea kama joto. Gesi inayoungua ndani ya silinda hupita nyuzijoto 2,000 za Selsiasi, ilhali aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660. Kinachoinusuru injini ni maji. Pampu huyazungusha kandokando ya silinda, kisha huyapeleka kwenye rejeta, ambako upepo na feni huyapunguzia joto.

Lakini maji nayo yana kikomo. Dar es Salaam, maji huchemka kwa nyuzi 100. Iringa, mita zipatazo 1,600 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, nayo huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Yakichemka, mvuke huchukua nafasi yake kwenye kuta za chuma, na mvuke hauwezi kubeba joto kama maji.

Dawa yake ilijulikana kabla ya gari kuwapo. Mwaka 1679, Mfaransa Denis Papin aliwaonyesha wanasayansi wa Royal Society, London, chungu chenye mfuniko uliobana. Mvuke ulipokosa pa kutokea ulizidisha mgandamizo, maji yakapita nyuzi 100, na hata mifupa ikalainika.

Mfuniko wa rejeta hufanya kazi hiyohiyo. Springi yake hushikilia mgandamizo wa takriban baa 1 zaidi ya ule wa hewa ya nje, na maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Mgandamizo ukizidi hapo, springi huachia maji kidogo yaende kwenye chupa ya akiba. Injini ikipoa, maji hayo huvutwa kurudi. Mpira wa mfuniko ukichakaa, gari huchemsha hata kama rejeta ni nzima.

Ndiyo maana mfuniko haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Maji ya nyuzi 110 yametulia kwa sababu tu yamebanwa. Yakiachiwa, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Zima injini, subiri ipoe kabisa, ndipo ufungue polepole. Wala usimimine maji baridi ingali inaunguza, chuma kisije kikapasuka. Na kabla hujakubali kununua rejeta mpya, mwambie fundi aupime kwanza mfuniko.