Kabla Ununue Tenti ya Kulala Mlimani, Cheki Hizi Vitu Kwanza

Wasee, form ya haiki imeshika. Kila wikendi mbogi iko Ngong, Longonot ama Elephant Hill, picha zinapigwa, na ikifika jioni kila mtu yuko keja anajipa chapo. Hiyo ni ya siku moja. Ngori inaanza pale mnaamua safari hii mtalala juu.

Hebu jiweke hapa. Mko Lake Ellis, upande wa Chogoria, karibu mita 3,500 juu ya bahari. Ni saa nane usiku na mvua inakuja na upepo, inapiga kutoka kando. Tenti yako ya supamaketi ina kitambaa cha juu kinachofunika kichwa tu, kama kofia ya mtoto. Maji yanapita kwa wavu, yanashuka ukutani, na mfuko wako wa kulalia unalowa. Mtu akilowa kwa hiyo baridi anapoteza joto mbio sana: anatetemeka, ulimi unakuwa mzito, akili inachelewa. Watu hupoteza maisha hivyo milimani, na usiku kama huo hakuna boda ya kukuokoa.

Kwa hivyo kabla ya kutoa doh, jiulize utalala wapi. Kama mnapanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon, Old Moses na Shipton's kuna nyumba zenye vitanda, na unaweza acha tenti kabisa. Chogoria ni story ingine, huko tenti ndiyo nyumba. Suswa wakati wa kiangazi hata ile ya bei rahisi itakuvusha, bora ivumilie upepo na vumbi.

Sasa uzito. Wapandaji wengi hutumia hesabu moja: mzigo wote usipite moja kwa tano ya kilo zako. Ukiwa na kilo 60, hiyo ni kilo 12. Maji lita tatu ni kilo tatu zimeenda, na bado hujaweka chakula, nguo za baridi na mfuko wa kulalia. Ukiongeza tenti ya kilo nne, magoti yatakushtaki. Lenga kilo moja hadi moja na nusu kwa kila kichwa. Mkiwa wawili gawaneni, mmoja abebe fito na pegi, mwingine kitambaa. Na usiniambie ati pota atabeba. Huo pia ni mgongo wa mtu.

Tenti nyepesi ziko za aina mbili kubwa. Kuna ya kuta mbili: ndani wavu, nje kitambaa cha mvua. Halafu kuna ya ukuta mmoja, ambayo mara nyingi husimamishwa na zile fimbo zako za kupandia mlima, na nyingine hazifiki hata kilo moja. Hiyo ya pili inavutia sana ukiishika dukani. Shida yake ni pumzi. Ukilala unapumua mvuke usiku kucha, mvuke unagusa kitambaa baridi, unageuka maji. Kwa kuta mbili hayo maji yanabaki nje ya wavu. Kwa ukuta mmoja, ukigeuka tu yanakupangusa usoni. Kule Shipton's, mita 4,200, usiku ukiwa mkali unaamka ukipata yameganda. Kwa mtu wa kwanza kwanza, chukua kuta mbili. Beba hizo gramu za ziada bila kununa.

Najua kuna msee atasema turubai inatosha. Ni kweli kuna shosh Mmarekani, Emma Gatewood, mwaka wa 1955 akiwa na miaka 67 alitembea Appalachian Trail yote, zaidi ya kilomita 3,200, na cha kujikinga mvua alikuwa na pazia la bafu. Heshima kwake. Lakini kule njia inapita msituni, miti ya kufunga kamba imejaa. Mlima Kenya ukishapita msitu ni nyasi, mawe na upepo. Na ukiwa bado msituni, turubai haina sakafu. Siafu wakipita usiku hawatapiga hodi. Bembea nayo inahitaji miti miwili mizito, kwa hivyo iache ya chini.

Ukifika dukani, soma kibandiko. Kitambaa cha juu kiwe na angalau mm 1,500, yaani kinaweza zuia maji yakisimama urefu huo kabla yaanze kupenya. Sakafu itafute ya mm 3,000. Kitambaa cha juu kishuke karibu na ardhi pande zote, na mishono iwe imezibwa kwa ndani. Fito za alumini zinapinda na kurudi. Zile za faibaglasi upepo wa Ngong unazivunja, halafu zinatoboa kitambaa. Ikiandikwa "watu wawili," jua ni wawili waliobanana kama wasee wa mathree saa moja jioni, na mabegi yanalala nje.

Kitu kingine, tenti inakukinga mvua na upepo, haikupatii joto. Joto linatoka kwa mfuko wa kulalia na kijigodoro chini yako. Ukimaliza ganji yote kwa tenti, utalala mkavu ukigonganisha meno.

Doh ikiwa kidogo, Gikosh na Toi wakati mwingine huwa na tenti kali za mtumba. Ifungue yote hapo hapo, usione aibu. Nusa. Ikiwa na harufu ya kuchacha, ama kwa ndani inanata na kubanduka kama ngozi iliyochomwa na jua, ule mpako wa kuzuia maji umeisha na hakuna kushona kutaurudisha. Hesabu fito, vuta zipu mara kumi, halafu ndio uanze kubishana bei.

Ukiinunua, isimamishe kwanza huko mtaani, hata kama ni juu ya ploti kando ya kamba za nguo. Jipe saa ujifunze kuifunga gizani. Halafu ingia ndani, funga zipu, na umwambie beshte yako amwage ndoo tatu za maji, moja juu na mbili kando. Ikivuja, irudishe dukani kama risiti bado iko.