Baruti ya Gobori na Baruti ya Mgodi

Wawindaji wengi wa Shinyanga na Geita walijua gobori kabla ya bunduki za maganda. Mwenye gobori humimina baruti nyeusi mdomoni mwa mtutu, huishindilia kwa mdeki, hutia risasi, kisha huweka fataki. Mtambo ukiipiga fataki, moto hupenya ndani.

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa makaa, kiberiti na shura. Huungua upesi, lakini huungua tu. Moshi wake huisukuma risasi mbele, na chuma hustahimili. Baruti ya kupasulia miamba ni ya jamii nyingine kabisa. Nobel alipopata hati ya baruti yake mwaka 1867, alitaka kitu cha kuvunja jiwe kwa kishindo kimoja. Ndani ya gobori haingoji risasi itoke: hupasua mtutu, na vipande humrudia mpigaji usoni na mikononi. Nasi twayasema haya kwa kuwa Geita ni nchi ya migodi tangu miaka ya 1930, na kishawishi ki karibu.

Hata baruti isiyo moshi, aliyoivumbua Mfaransa Vieille mwaka 1884, yalishinda gobori kwa nguvu. Wamarekani wajazao upya maganda ya shaba ya bunduki zao kuukuu za Winchester huipima kwa mizani ndogo sana, wala hawakadirii kwa kiganja.

Gobori likikataa kulia, tusilichungulie mdomoni. Tulielekeze pasipo mtu, tungoje. Pengine moto ungali njiani.