Nge Asiye na Mkia, Fundi wa Hariri

Mfuga nyuki mmoja wa Daudi, wilayani Mbulu, ametuuliza: kale kadudu kenye magando kama ya nge, lakini kasiko na mkia, kanafuata nini mzingani? Huyo ni nge bandia. Wale wa mizinga ya Afrika ni wa jenasi ya Ellingsenius, na hudandia nyuki ili wafike mzinga mwingine. Hawali asali, huwinda viumbe wadogo kuliko wao, na sumu ya magando yao haimdhuru mtu.

Ila uhodari wao mkubwa ni ujenzi, na hata ufukweni wanauhitaji. Nge bandia wa jenasi ya Garypus huishi chini ya mawe na mwani uliotupwa na mawimbi katika pwani zenye joto, Shelisheli ikiwemo. Neobisium maritimum, wa Uingereza, Ireland na Ufaransa, hukaa kwenye nyufa za miamba inayofunikwa na bahari kila maji yajaapo. Hewa hunaswa ndani ya ufa, naye husubiri maji yapwe.

Nge bandia hujivua gamba mara tatu kabla ya kukomaa, na kila mara mwili hubaki laini, hauna kinga. Ndipo hujenga. Buibui hutoa uzi mwishoni mwa tumbo. Huyu huutoa kwenye ncha za taya! Huokota chembe za mchanga, huzipanga zimzunguke, hupandisha ukuta akiwa ndani, kisha hufunga paa juu ya kichwa chake na kutandaza hariri ukutani, uzi juu ya uzi. Harry Wallis Kew alivieleza viota hivi mwaka 1914.

Wazee wa Kiiraqw wa huko Mbulu wangemwelewa. Nyumba zao za kale zilichimbwa ubavuni mwa kilima na kuezekwa udongo, adui apite karibu asijue kwamba chini wamo watu na ng'ombe. Kiota cha nge bandia nacho kwa nje ni mchanga mtupu, uhai wote umo ndani. Ila huyu hajiachii hata mlango. Humo hujivua gamba, humo jike hulea mayai yaliyo kwenye kifuko chini ya tumbo lake.

Basi, mfugaji, ukimkuta kwenye mianya ya mzinga, mwache. Nawe msomaji wa Tanga, Kilwa au Unguja, maji yakipwa inua jiwe moja, mtafute, ukimwona mpige picha, kisha ulirudishe jiwe kama ulivyolikuta.