Ubingwa wa Tukuyu Stars: mtaji uliohamia mjini

Ligi ya taifa ya soka ilianza 1965. Bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland, iliyoitwa Simba kuanzia 1971. Kwa miaka 10 kombe halikutoka Dar es Salaam, hadi Mseto ya Morogoro ilipolitwaa 1975.

Mwaka 1986 Tukuyu Stars ya Rungwe, iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda Daraja la Kwanza, ikawa bingwa wa Bara. Msimu uliofuata ilishuka daraja.

Mfanyabiashara haoni ajabu hapo. Simba na Yanga zilikuwa na wanachama wengi, viingilio vya uwanja mkubwa na wafadhili wa jijini. Mali ya Tukuyu ilikuwa wachezaji, na ubingwa ukawatangaza: baadhi wakachukuliwa na klabu za Dar es Salaam. Ndizi za Rungwe nazo huenda huko huko, lakini mgomba hubaki shambani na machipukizi yake.

Anayefikiria kudhamini timu ya wilaya aulize kwanza mikataba ya wachezaji inaisha lini. Mtibwa Sugar, yenye kiwanda cha sukari nyuma yake, ilitwaa ubingwa 1999 na kuutetea 2000.