Kufikisha Intaneti ya Nyumbani hadi Zizini

Ndugu mfugaji, katika kaya nyingi za hapa Kasoli nyumba ya kulala iko upande mmoja, na zizi, banda la ndama au ghala liko mbali nayo. Mwenye ruta ya laini ya simu nyumbani hupata intaneti nzuri sebuleni, lakini akifika zizini inakatika. Mara nyingi huko ndiko inakohitajika. Ng'ombe anazaa kwa shida na unataka Afisa Mifugo amwone kwa video. Ndama amevimba mitoki chini ya sikio, dalili mojawapo ya ndigana kali, na unataka kutuma picha. Au unataka kuona mlango wa zizi usiku bila kutoka nje.

Ng'ombe aliyepasua chupa akasukuma kwa muda wa saa 2 bila ndama kusogea anahitaji msaada mara moja. Huo si wakati wa kutafuta mtandao huku na huko. Kipeperushi hiki kinaeleza namna ya kuufikisha mtandao zizini kwa gharama ndogo iwezekanavyo.

PIMA KABLA YA KUNUNUA

Fanya mambo manne yafuatayo:

1. Nenda zizini ukiwa na simu. Kama bando la simu linafanya kazi vizuri hapo, huna haja ya kununua kifaa chochote. Tumia simu.
2. Kama halifanyi kazi, rudi nyumbani, unganisha simu na Wi-Fi ya ruta, kisha zima data ya laini. Usipoizima, simu itahamia kwenye bando lake yenyewe na utadhani Wi-Fi imefika.
3. Tembea kuelekea zizini ukihesabu hatua ndefu. Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni karibu mita 1. Weka alama ya kijiti mahali mtandao unapoanza kudhoofika, na kingine mahali unapokatika kabisa. Hesabu pia hatua za kufika zizini.
4. Angalia kilicho katikati: ukuta, bati, miti, ua wa minyaa au kichuguu.

Ruta ya kawaida ya nyumbani ikiwa haijazibwa na kitu hufika makumi kadhaa ya mita, si zaidi. Bati huyarudisha mawimbi. Vitu vyenye maji mengi huyameza, na kwa hiyo ua mnene wa minyaa mibichi, miti yenye majani mengi, hata kundi la ng'ombe lililosimama katikati, hudhoofisha mtandao. Mtandao unaofika vizuri kiangazi unaweza kupungua wakati wa masika, majani yanapokuwa mengi.

CHAGUA NJIA KULINGANA NA UMBALI

Njia ya kwanza: hamisha ruta. Hii haina gharama. Itoe ruta nyuma ya kabati au friji, iweke juu, karibu na dirisha linalotazama zizi. Kama ruta yako ina masafa mawili, tumia gigahezi 2.4 kwa ajili ya zizi. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi zaidi lakini hayafiki mbali na hushindwa upesi na ukuta. Ukihamisha ruta, hakikisha bado inashika vizuri mtandao wa simu kutoka mnarani. Kama nyumbani kwenyewe mtandao ni hafifu, hakuna kifaa kitakachoufanya uwe mzuri zizini.

Njia ya pili: kifaa cha kurudufisha mawimbi, ambacho mafundi wengine hukiita ripita. Kinafaa pale ambapo zizi liko mbele kidogo tu ya mahali mtandao unapokatika. Kosa la kawaida ni kukifunga zizini kwenyewe, mahali ambapo mtandao umeshakufa. Mpokezi wa ujumbe lazima akae mahali anapomsikia anayeita. Asiposikia, hana cha kufikisha. Kiweke kabla ya kile kijiti chako cha kwanza, mahali mtandao ungali na nguvu. Kumbuka kwamba vifaa vingi vya aina hii hupunguza kasi karibu nusu, kwa kuwa redio ileile inapokea na kutuma.

Njia ya tatu: waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi kifaa cha kurusha Wi-Fi kilichofungwa zizini. Njia hii ni imara, lakini mwisho wake ni mita 100. Nunua waya wa kutumia nje, upitishe ndani ya bomba la plastiki na ufukie chini kuliko jembe la kukokotwa linavyochimba. Waya ulioachwa juu ya ardhi utakanyagwa na ng'ombe, utatafunwa na mbuzi au utakatwa na panya. Kuna vifaa vinavyopokea umeme kupitia waya huohuo, hivyo hutahitaji umeme mwingine zizini.

Njia ya nne: antena mbili zinazotazamana. Moja hufungwa nyumbani na kuunganishwa na ruta, nyingine zizini. Hizi zinafaa kwa mita 100 na zaidi, na zilizo nzuri huvuka kilomita kadhaa. Sharti lake ni moja: zionane. Simama mahali antena moja itakapokuwa, na uhakikishe unaona mahali pa nyingine bila mti, paa wala ua kuziba. Zifunge kwenye nguzo zilizo juu kuliko minyaa na juu sana kuliko migongo ya ng'ombe. Kama njia inapita kwenye ngitili, kumbuka kwamba miti hukua; acha nafasi ya kutosha juu yake. Ulizia bei ya jozi nzima pamoja na kazi ya fundi.

Njia ya tano: laini ya pili. Kama unachotaka ni kamera moja tu, na mahali fulani juu ya zizi mtandao wa simu unashika, kamera yenye laini yake inaweza kuwa rahisi kuliko kuvuta Wi-Fi ya nyumbani. Hesabu gharama zote mbili, pamoja na bando la kila mwezi, kabla ya kuamua.

Popote utakaponunua, omba risiti na uulize kama kifaa kimeidhinishwa na TCRA.

UMEME WA ZIZINI

Antena na kamera hula umeme mdogo, lakini hula mchana na usiku. Chukulia mfano wa antena ya wati 6 na kamera ya wati 5. Jumla ni wati 11. Kwa saa 24 utatumia wati-saa 264. Kwa betri ya volti 12 hizo ni ampea-saa 22 kwa siku. Betri ya sola ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu, kwa hiyo chagua ya ampea-saa 50 kwa siku moja, au 100 kama unataka ivumilie siku mbili za mawingu. Paneli ya wati 100 na kidhibiti chaji chake vinatosha mfano huu. Betri iliyochaguliwa ndogo huisha alfajiri, na kamera huzimika wakati huo.

KAMERA ISIMALIZE BANDO

Kamera inayotuma video mfululizo kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa, yaani karibu gigabaiti 11 kwa siku. Kaya chache zinaweza kumudu bando hilo. Fanya hivi:

- Weka kadi ya kumbukumbu ndani ya kamera. Irekodi humo, na intaneti itumike tu unapotaka kutazama.
- Iambie kamera itume taarifa inapoona kitu kikisogea, lakini usiielekeze kwenye kundi. Ng'ombe husogea usiku kucha, na simu italia mpaka utaizima. Ielekeze mlangoni mwa zizi.
- Badilisha nywila iliyokuja na kamera na ile ya ruta. Usitumie 12345678 wala namba yako ya simu. Mgeni mwenye nywila anaweza kuona ng'ombe wako ni wangapi na ni saa ngapi hakuna mtu.
- Kamera isitazame bafu wala ua wa jirani.

TAHADHARI YA RADI

Ukanda wetu wa Ziwa una radi nyingi. Usifunge antena kwenye mti mrefu uliosimama peke yake. Nguzo ya chuma iunganishwe na ardhi na fundi anayejua kazi hiyo. Waya mrefu kati ya majengo mawili unaweza kuleta mshtuko wa radi hadi ndani ya nyumba; hii ni sababu nyingine ya kuchagua antena mbili pale umbali unapokuwa mkubwa. Wingu la mvua likikaribia, chomoa ruta mapema. Radi ikishaanza, usishike waya wala nguzo.

KUMBUKA

Mtandao zizini hauzuii wizi na hautibu ng'ombe. Unakupa taarifa mapema tu. Mlango imara, mlinzi, mbwa, alama ya utambuzi kwenye mifugo na ujirani mwema vinabaki palepale. Kwa hiyo, siku mtandao utakapofika zizini, kaeni kama kaya mkubaliane: nani anapokea taarifa ya usiku, nani anamwamsha jirani, na namba za Afisa Mifugo na Mtendaji wa Kijiji ziwe kwenye simu ya kila mtu mzima, pamoja na mama na vijana wanaobaki nyumbani wakati wachungaji wako malishoni.

Kwa ushauri zaidi mwone Afisa Mifugo wa kata yako, ukiwa na zile hesabu zako za hatua.