Springi ya Mbele Haikatwi Ovyo

Kigali ni mji wa vilima, na Niboye, katika Wilaya ya Kicukiro, nayo imefuata maumbile hayo. Barabara zake hupanda na kushuka, na kandokando yake hupita mifereji ya maji ya mvua. Mahali pa namna hiyo pikapu ni mtumishi mwema wa nyumba: nyuma huchukua saruji na viazi, na mbele hukaa mama na watoto. Kwa hiyo mwenye gari anaposhawishika kuliteremsha upande wa mbele ili lipendeze, hana budi kujiuliza kwanza: je, kitakachopungua ni kimo tu, au na usalama pia?

Mtindo huu si mpya. Huko California, Marekani, vijana wenye asili ya Meksiko waliteremsha magari yao tangu miaka ya 1940, wengine kwa kupakia mifuko ya mchanga, wengine kwa kukata springi. Mwaka 1958 jimbo hilo lilipiga marufuku gari lenye sehemu yoyote iliyo chini kuliko ukingo wa chini wa rimu, na marufuku hiyo ikaondolewa mwaka 2024. Lakini barabara tambarare ni jambo moja. Matuta na mashimo ya mlimani ni jambo jingine.

Pikapu nyingi za siku hizi, kama vile Toyota Hilux, zina springi za mabamba nyuma kwa ajili ya mzigo, na springi za mzunguko mbele, penye uzito wa injini. Springi ya mzunguko ni ufito wa chuma uliozungushwa. Ugumu wake hutegemea unene wa ufito, upana wa mzunguko na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Mizunguko ikipungua, springi huwa ngumu zaidi. Yenye mizunguko 8 ikikatwa mmoja, ugumu huongezeka kwa karibu asilimia 14. Ndiyo kusema gari hupungukiwa na nafasi ya kunesa, na papo hapo hunesa kwa shida. Shokapu iliyotengenezwa kwa springi ya awali nayo haiwezi tena kuituliza ipasavyo.

Baya zaidi ni kuichoma springi kwa moto wa gesi hata ikalegea. Chuma cha springi hupata uimara wake kiwandani kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo maalumu. Moto wa gereji huiharibu kazi hiyo. Springi huendelea kulala siku hadi siku, na huweza kuvunjika. Vilevile, iliyokatwa vibaya huenda isikae sawasawa mahali pake, ikachomoka gurudumu linaponing'inia juu ya shimo.

Madhara mengine hayaonekani upesi. Magurudumu huinama, na matairi hulika upande mmoja. Taa za mbele hutazama chini, hata dereva wa usiku akaona karibu tu. Katika mteremko, breki zikishika, uzito mwingi husukumwa mbele. Springi iliyobakiwa na nafasi ndogo hugonga mwisho, na usukani hukosa utulivu.

Je, haiwezekani kabisa? Yawezekana, lakini kwa utaratibu. Zinunuliwe springi fupi zilizotengenezwa kwa gari la aina hiyo, za pande zote mbili, pamoja na shokapu zinazolingana nazo. Kazi apewe fundi mwenye vibanio vya springi, kwani springi iliyobanwa ikifyatuka huweza kuua. Kisha magurudumu yapangwe upya, taa zirekebishwe, na usukani uzungushwe mpaka mwisho, kushoto na kulia, ili kuhakikisha kwamba tairi haigusi kitu. Ndipo gari lipelekwe kwenye ukaguzi wa Polisi ya Taifa ya Rwanda. Askari wa barabarani naye aonapo pikapu iliyoinamisha pua kupita kiasi, asidhani kuwa ni urembo tu.

Rahisi huvunja upishi. Msumeno hukata springi kwa dakika chache, lakini ufito uliokatwa hauungwi tena. Na matairi yaliyolika upande hulipiwa kwa fedha za chakula. Ikiwa fedha za nyumba hazitoshi kununua springi halali na shokapu zake, gari na liachwe katika kimo lilichotoka nacho kiwandani.