Mwenyeji, Mgeni au Mfugaji? Istilahi za Kuishi Pamoja kwa Protozoa na Mwani wa Kijani

Katika Kaunti ya Kajiado, ndani ya Bonde la Ufa, magharibi ya Vilima vya Ngong, pana mahali paitwapo Ewuaso Kedong. Neno ewuaso katika lugha ya Kimaa maana yake ni mto. Huko mtoto aghalabu huzungumza Kimaa nyumbani na Kiswahili sokoni, na shuleni husomeshwa sayansi kwa Kiingereza. Mwalimu atakaye kumweleza kwa Kiswahili namna kiumbe kimoja kinavyoweza kuishi ndani ya kingine hukabiliwa mara moja na tatizo la istilahi. Makala haya yanakusudia kulichunguza tatizo hilo kwa mfano wa protozoa wenye mwani wa kijani, na kuonyesha kwamba neno likichaguliwa bila uangalifu huwa limekwisha kutoa hukumu juu ya jambo lenyewe.

Mfano uliochunguzwa zaidi ni paramesia ya kijani, yaani Paramecium bursaria, kiumbe cha seli moja kiishicho katika maji baridi yaliyotulia. Urefu wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita moja. Ukijani wake si wake mwenyewe, bali ni wa mamia ya chembe za mwani ziitwazo klorela zilizomo ndani yake. Kila chembe imezungukwa na utando wake, na utando huo ndio unaoizuia isimeng'enywe kama chakula kingine. Kwa njia ya usanisinuru klorela hutengeneza sukari, hasa maltosi, pamoja na oksijeni, na sehemu yake humfikia mwenyeji. Mwenyeji naye huipa klorela hewa ya ukaa na viini vyenye nitrojeni.

Jambo hili si geni katika Afrika Mashariki. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1981, Hecky na Kling walieleza kwamba katika tabaka la juu la maji ya Ziwa Tanganyika, protozoa wa jenasi Strombidium wenye mwani wa kijani ndani yao walikuwa sehemu kubwa ya uzani wa protozoa wote. Kwa hiyo istilahi inayotafutwa hapa inahusu pia maji yanayowalisha wavuvi wa Kigoma na Kalemie.

Ama kuhusu istilahi yenyewe, yafaa kuanzia kwa Anton de Bary, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, aliyeieneza dhana ya simbiosi mwaka 1879. Kwake yeye simbiosi ilikuwa ni kuishi pamoja kwa viumbe visivyofanana, na hata vimelea vilikuwamo. Baadaye watu wengi walilifinya neno hilo likawa na maana ya kufaana tu. Kiswahili kikitafsiri simbiosi kwa neno ufaano, kitakuwa kimeirithi maana hiyo finyu, na mwanafunzi ataamini kwamba kila waishio pamoja hunufaika pamoja. Neno kimelea nalo, litokanalo na kumea, lina upungufu wa upande wa pili: kwa matumizi ya sasa humhukumu akaaye ndani kuwa ndiye mdhuru.

Maneno mwenyeji na mgeni yanaelekea kuwa bora, hasa kwa kuwa methali imekwisha kuyafafanua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Klorela kwa hakika imepewa jembe. Lakini mgeni huweza kuaga akaondoka, na jembe lake humfaa yeye pia kwa kuwa hula alicholima.

Hapo ndipo utafiti uliochapishwa na Lowe na wenzake mwaka 2016 unapoleta mashaka. Walipima ustawi wa paramesia na wa klorela katika viwango mbalimbali vya mwanga. Katika mwanga mkali paramesia ilinufaika kwa kuwa na mwani; katika giza mwani ulikuwa mzigo kwake. Idadi ya chembe ndani ya kila mwenyeji ilikuwa ndogo kabisa katika mwanga mkali, ilhali klorela iliyoishi peke yake iliongezeka kadiri mwanga ulivyoongezeka. Aidha, usanisinuru wa klorela iliyofungiwa ulikuwa hafifu kuliko wa ile iliyo huru. Hawakuona hali yoyote ambamo pande zote mbili zilinufaika. Inajulikana pia kwamba paramesia ikiwekwa gizani kwa muda mrefu hupoteza mwani wake, na baadhi ya chembe humeng'enywa.

Kiumbe kinachotunza, kinachodhibiti idadi, kinachokamua na wakati wa dhiki hula alichokitunza, kwa Kiswahili huitwa mfugaji. Yamkini basi simbiosi ibaki kuwa istilahi ya jumla, ufaano utumike pale tu faida ya pande mbili ilipothibitishwa, na ufugaji utumike kwa hali kama hii ya paramesia. Hapana budi kukumbuka kwamba mfugaji wa kweli hukusudia, na seli haikusudii. Hata hivyo istilahi nyingi za sayansi zilianza kwa sitiari ya namna hiyo. Mtoto wa Ewuaso Kedong, aliyekwisha kuona ng'ombe akikamuliwa wakati wa mvua na akichinjwa wakati wa ukame, atalielewa neno hilo kabla mwalimu hajamaliza kulieleza.